GHALA LA YUSUFU NA SAHANI YA MTOTO

Mada kwa viongozi wa walei kuhusu chakula, maji na haki katika nyanda za juu za Ufipa



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya uhakika wa chakula na maji. Maneno hayo tunayasikia mara nyingi redioni na katika hotuba, hata yanaonekana kuwa mali ya wataalamu peke yao. Sisi tutaanzia mahali tunapopafahamu sote, yaani habari za Yusufu mwana wa Yakobo.

Sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo hatuchoki kuisikia. Yusufu anamweleza Farao maana ya ndoto zake. Sehemu ya tano ya mavuno inawekwa ghalani katika miaka saba ya shibe. Na njaa inapokuja, maisha ya wengi yanaokolewa. Akiba haiozi, nasi tunamsifu Yusufu kwa hekima yake. Lakini sura ya 47 tunaipita haraka. Humo twasoma kwamba wananchi walinunua nafaka mpaka fedha yao ikaisha. Wakatoa mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwishowe wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Na nafaka ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba yao wenyewe. Ghala lile lile lililookoa uhai lilimeza uhuru wa wale waliolijaza.

Tunawaombeni mliweke wazo hilo moyoni, kwa maana sisi watu wa Ufipa tu majirani wa ghala. Swali letu la leo ni moja: Je, anayelijaza ghala, naye anakula? Tutalifuata kwa njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: kuona, kupambanua na kutenda.

I. TUONE HALI YETU

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, wakati nchi yetu ilipokuwa katika shida kubwa ya chakula. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliilazimisha Tanzania kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Miaka miwili kabla ya hapo, huko Iringa, lilikuwa limetangazwa azimio la Siasa ni Kilimo. Kisha likaja tangazo la kilimo cha kufa na kupona. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, hata mkulima wa Ufipa, aliye zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na mkulima aliye karibu na soko. Gharama ya safari ilibebwa na taifa. Wazee wetu waliitika. Ndivyo Rukwa ilivyohesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya kulilisha taifa kwa mahindi.

Hiyo ni heshima, tena ni tendo la upendo. Ndugu zetu wa Dodoma na Singida wanaishi katika nchi kame, ambako mvua ni chache na haina ahadi. Mahindi yanayohifadhiwa hapa Sumbawanga na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ni sehemu ya akiba ambayo taifa huitegemea mvua inapogoma. Anayempa ndugu yake chakula wakati wa njaa amempa Kristo mwenyewe.

Sasa tuangalie upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Rukwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta karibu 48. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta karibu 50, na wastani wa nchi 30. Mikoa iliyotupita mwaka huo ilikuwa miwili tu, Iringa na Njombe, nayo pia ni mikoa ya mavuno mengi. Katika mikoa mikame ile tunayoipelekea mahindi, idadi ya waliodumaa katika kila watoto 100 ilikuwa ndogo kuliko yetu.

Tukumbuke maana ya kudumaa. Mtoto aliyedumaa si mtoto mfupi kwa asili ya ukoo wake. Ni mtoto ambaye tangu tumboni mwa mama yake na katika miaka yake miwili ya kwanza hakupata chakula cha kutosha aina zake, au aliugua mara kwa mara, hata mwili na akili yake havikukua inavyopasa. Siku hizo 1,000 zikipita, hasara iliyopatikana ni vigumu sana kuirudisha. Mchuma juani, wahenga walisema, hula kivulini. Kwetu Ufipa mama amechuma juani, na mtoto wake hajala.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukibariki nyumba katika kigango kimojawapo, tuliingia ua ambao kihenge chake kilikuwa kimejaa mpaka juu. Tukamshukuru Mungu kwa sauti. Mama wa nyumba ile akainamisha kichwa, akatuambia kwa upole kwamba mahindi yale hayakuwa yao tena. Yalikuwa yameuzwa tangu Februari, yakiwa bado mabichi shambani, ili kumtibu mtoto; sasa walikuwa wanamsubiri mwenye mali aje na lori. Hatukujua la kusema. Tukanyunyiza maji ya baraka, tukaondoka. Tangu siku hiyo hatujaweza kuhesabu shibe ya nyumba kwa kutazama kihenge.

II. TUTAFUTE CHANZO CHAKE

Chanzo cha kwanza ni namna tunavyouza. Miezi ya njaa kwetu ni ile ya masika, kabla ya mavuno. Mwenye shida wakati huo hukopa kwa bei ya mwenye fedha, akalipa kwa mahindi wakati bei iko chini. Miezi michache baadaye anarudi sokoni kununua kwa bei ya juu mahindi aliyoyalima mwenyewe. Tena kuna lumbesa. Gunia hushonewa kilemba, mkulima akatoa debe moja au zaidi bila kulipwa, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Wayahudi wa wakati wa Nehemia, katika sura ya tano ya kitabu chake, walilia kilio hicho hicho: waliweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao.

Chanzo cha pili ni sahani yenyewe. Mahindi hushibisha, lakini peke yake hayamjengi mtoto. Hapo zamani mababu zetu walilima ulezi na maharage kwa njia ya intumba. Mwishoni mwa masika waliyafukia majani ndani ya matuta ya mviringo. Majani yakaoza, yakawa mbolea. Juu yake wakapanda maharage. Msimu uliofuata wakayasambaza matuta na kupanda ulezi. Udongo wa nyanda hizi ni mchovu kwa asili, na intumba ilikuwa elimu ya watu walioujua uchovu huo. Mahindi yalipotakiwa kwa wingi, shamba lilitegemea mbolea ya viwandani. Kisha ruzuku ya mbolea ikaanza kupunguzwa, na ilipofika msimu wa 1994/95 ilikuwa imekwisha kabisa. Bei moja ya nchi nzima nayo ilikuwa imekwisha kufutwa. Ruzuku ilirudi kwa namna mbalimbali: kwa kuchangia usafirishaji tangu 2003, kwa vocha tangu 2008, na tena tangu msimu wa 2022/23 bei ya dunia ilipopanda. Lakini mkulima anayeishi kwa kungoja kama mwaka huu mbolea itafika au haitafika hawezi kusemwa kuwa ana uhakika. Na ili ainunue, anauza maharage, karanga na mayai, yaani kile kile ambacho mtoto wake angekula.

Tusisahau pia mzigo wa mama. Mwanamke wa Ufipa hupalilia, huchota maji, hutafuta kuni, hupika, naye ana mimba au ananyonyesha. Mara nyingi mtoto mchanga huachiwa dada yake mdogo na uji baridi wa sembe mpaka jioni. Na fedha ya mavuno ikipatikana, ni nani anayeamua itumikeje? Katika nyumba nyingi aliyepalilia haulizwi. Tunasema haya mbele ya akina baba bila nia ya kuwaaibisha, bali kwa sababu ukweli usiposemwa kanisani utasemwa wapi?

Chanzo cha tatu ni maji. Mtoto anaweza kula vema na bado adumae, ikiwa kila mwezi anaharisha kwa sababu ya maji machafu na ukosefu wa choo bora. Chakula kinaingia na kutoka bila kuujenga mwili. Kwa hiyo hatuwezi kuzungumzia chakula tukayaacha maji kando.

III. TUJIFUNZE KUTOKA NCHI KAME

Labda mtatuuliza: Mambo ya ukame yatuhusu nini sisi wa nyanda za mvua? Kwanza, hatuko mbali nayo. Tukishuka ukingo wa Lyambalyamfipa tunafika bonde la Rukwa, lililo chini, lenye joto na mvua haba kuliko huku juu. Ziwa Rukwa halina mto utokao, hupokea tu. Tangu zamani limejulikana kwa kupanuka na kusinyaa. Vijito vinavyoanzia milima ya Mbizi na nyanda zetu ndivyo vinavyoshuka huko. Tukikata msitu na kulima mpaka kwenye chemchemi, udongo wetu unakuwa tope la jirani na kiu yetu inakuwa kiu yake. Katika bonde hilo wakulima, wavuvi na wafugaji, wengi wa wafugaji wakiwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka Usukuma, wanagombea maji yale yale. Isaka naye, katika sura ya 26 ya Mwanzo, alichimba visima viwili vikagombewa, akaendelea mpaka akapata cha tatu ambacho hakuna aliyekigombea.

Pili, nchi kame zimetupa mafundisho ya thamani. Wagogo hawajaisahau njaa ya Mtunya, iliyowaua wengi wakati wa Vita Kuu ya kwanza na mara baada yake. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta nyumba zilizokwisha kunyang'anywa. Mwaka 1981 mchumi Amartya Sen wa India aliandika kitabu kinachoeleza jambo hilo kwa upana: watu wengi wamekufa kwa njaa mahali ambapo chakula kilikuwapo, kwa sababu hawakuwa na uwezo wala haki ya kukipata. Mkutano wa dunia juu ya chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubali kwamba haitoshi chakula kuwapo nchini. Sharti kila mtu aweze kukipata, kimfae mwilini, na kisikatike. Kwa kipimo hicho, ghala lililojaa ni robo tu ya habari.

Fundisho lingine ni juu ya njia ya kuiponya ardhi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka. Majani yalirudi, lakini wenye mifugo ndio waliobeba gharama. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Huko wataalamu waliyauliza mazoea ya Wasukuma, wakaikuta ngitili, yaani desturi ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Waliitia nguvu desturi hiyo, na miti ikarudi katika maeneo mapana kwa mikono ya wenyeji. Huko Machakos nchini Kenya, watafiti walioandika mwaka 1994 walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa, na hata hivyo ardhi iliyokuwa ikifa ilipona, kwa sababu wakulima walijenga matuta, walipata soko, na jasho lao liliwarudia. Mkulima si adui wa ardhi. Akipata haki yake, yeye ndiye mlinzi wake wa kwanza.

IV. TUPAMBANUE KWA MWANGA WA IMANI

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, unatufundisha kwamba Mungu ameiweka dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikaza kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila mwanadamu, kwa kuwa bila maji hakuna uhai. Na tangu mwaka 1931, katika waraka wa Papa Pius XI, Kanisa limefundisha waziwazi kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya, kubwa isiliporo, bali iisaidie.

Kwa mwanga huo tupime jambo moja linalotugusa sana. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: taifa lisikose chakula. Lakini kwetu bei ilianguka, na mkulima aliyekuwa akitegemea soko la Zambia au Kongo alibaki na magunia na madeni. Tusiseme kwamba ilikuwa haki kuwaacha wa nchi kame wafe ili sisi tupate bei nzuri. La hasha! Tunasema jambo jingine. Ikiwa taifa zima linahitaji mahindi yabaki, basi taifa zima na libebe gharama yake, kwa kuyanunua kwa wakati na kwa bei inayorudisha jasho. Si haki mzigo wa mshikamano wa wote kuwekwa juu ya mgongo wa mmoja, naye awe maskini kuliko wengi anaowalisha. Hilo ndilo kosa la sura ya 47: nafaka ilikusanywa kwa manufaa ya wote, lakini hasara haikugawanywa kwa wote.

Na sisi mapadre tujihoji pia. Wakati wa mavuno tunapokea magunia ya zaka mbele ya altare, tunayabariki, kisha tunayauza kwa ajili ya mahitaji ya parokia. Je, tumewahi kuuliza ni lipi limetoka katika nyumba ambayo Januari itakuwa na njaa? Je, tumebakiza hata sehemu ya tano kwa ajili ya wajane? Mana ile ya jangwani ilikuwa na sheria yake: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, na aliyekusanya haba hakupungukiwa. Ghala la Kanisa lisipofuata sheria hiyo, midomo yetu haitakuwa na nguvu ya kuzisema ghala nyingine.

V. TUTENDE

Tunapendekeza mambo matano, nayo yako ndani ya uwezo wetu.

1. Kabla ya kuuza gunia la kwanza, baba na mama waketi pamoja wahesabu: tu wangapi, tunakula madebe mangapi kwa mwezi, ni miezi mingapi mpaka mavuno? Akiba hiyo isiguswe na deni. Pamoja nayo zibaki maharage, karanga na ulezi wa uji wa watoto. Mahindi ya nyumbani yasagwe dona.

2. Jumuiya Ndogo Ndogo zianzishe akiba ya nafaka na mfuko wa kukopeshana, ili mwenye mgonjwa mwezi Februari asilazimike kuuza shamba likiwa bichi. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Tuuze kwa mizani, tena tuuze pamoja. Mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anaenda kwa jirani. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi hana budi kuleta mizani.

4. Tulinde vyanzo vya maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji. Tusingoje mgambo, tupime wenyewe, tuanze na mashamba ya viongozi wa Kanisa. Palipo na chombo cha watumia maji, tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe hadharani, kwa maana bomba nyingi hufa kwa fedha isiyojulikana ilipokwenda.

5. Tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria yataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na huko ndiko mambo ya ardhi, maji na bajeti hufikishwa. Akina mama wasikae nyuma kimya. Na mbunge na diwani wakija, swali letu la kwanza lisiwe tu tani ngapi zimenunuliwa, bali watoto wangapi katika kata hii wamedumaa, na mwakani watakuwa wangapi.

Wapendwa, Yusufu aliitwa na Farao mwenye ndoto. Sisi tumeitwa na mtoto asiyeweza kusimulia ndoto yake, maana bado hajajua kusema. Mwakani tutakapokuja kubariki nyumba, tunatamani kuonyeshwa kihenge ambacho mama wa nyumba anaweza kusema: hiki ni chetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba ngapi huishiwa chakula kabla ya mavuno? Tunazifahamu?

2. Fedha ya mavuno ya mwaka jana iliamuliwa na nani, na watoto walipata nini?

3. Chemchemi yetu ilikuwaje wazazi wetu walipokuwa watoto? Iko katika hali gani leo, na nani analima karibu nayo?

4. Tusome pamoja Mwanzo 47:13-26 na Nehemia 5:1-13. Katika habari hizo mbili, sisi tu akina nani?